Kalkuleta ya Baba Mkwe

Kwetu Mlandege, Iringa, mtu akikohoa tunampa pole. Nilipoolewa Mbeya kwa Wanyakyusa nikakuta mzee akikohoa mlangoni, mkamwana ananyanyuka na kukimbia. Ni mila yao ya zamani: baba mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani. Nyumba nyingi zimeshaiacha. Niliyoangukia mimi haikuwa na mpango huo.

Sasa weka na baridi ya mwezi wa saba, weka na mtoto mchanga. Jiko la mkaa lilikuwa sebuleni. Mzee akikohoa, mimi huyoo mlango wa nyuma, mtoto kifuani, tunatetemeka wote. Mume wangu yuko kazini Tunduma, nikimpigia anasema, "Vumilia." Vumilia wewe!

Mezani mzee aliacha kalkuleta yake ya tangu alipokuwa karani wa benki. Haikusimama kama nyingine. Ilitengenezwa ilale kwa upana, nyembamba, nyeusi, pindo la rangi ya dhahabu. Kila kitufe kina maandishi usoni, mengine ya njano juu yake, mengine ya bluu kwenye mteremko wa mbele, utadhani mtu mwenye jina la ubatizo, la ukoo na la kijiweni. Riba ina kitufe chake. Alama ya sawasawa hakuna. Nikaigeuza hadi mgongoni, hakuna. Kwa hasira nikabonyeza mbili, jumlisha, mbili. Ikabaki inaniangalia na mbili yake. Nikaizima.

Kumbe mashine ile hata ukiizima haisahau, na mzee alikuwa ameacha hesabu yake humo, nami nimeivuruga. Jioni akakohoa, nikaishia nyuma ya pazia la korido. Nje siendi tena.

"Mama," akamwambia mkewe, aliyekuwa anachambua maharage, "mwambie huyo mtu asiguse mashine yangu."

"Baba anasema usiguse."

"Mwambie ni mbovu," nikajibu nyuma ya pazia. "Mbili na mbili inajibu mbili."

"Anasema mbovu."

"Mbovu ni shule aliyosoma! Mwambie!"

"Mwambie nilifaulu hesabu kidato cha nne, kwa kalkuleta yenye alama zote!"

Mama mkwe akainuka na ungo wake. "Mimi siyo simu yenu. Nina maharage." Akaenda jikoni.

Halafu mzee akaanza kuisemesha kalkuleta.

"Wewe mashine. Mtu mwenye akili anaweka mbili, anabonyeza enta, hicho kirefu, anaweka mbili nyingine, ndipo anasema jumlisha. Vitu vinatangulia sufuriani. Nani anakoroga sufuria tupu?"

"Wewe pazia," nami nikasema, "mkaa uko huko, mtoto yuko huku. Enta anabonyeza nani?"

Nikasikia kiti kinaburutwa.

"Mashine, mimi naangalia kalenda ya ukutani. Anayepita nyuma yangu simjui."

Nikapita, nikakaa kando ya jiko la mkaa na mwanangu. Bila kugeuka, mzee akanyoosha mkono nyuma ya mgongo, kalkuleta kiganjani. Nikabonyeza alivyosema. Vitufe vikalia ko, ko.

"Pazia, ni nne."

"Mashine, si nilikwambia?"

Siku hizi anakohoa, kisha anasema, "Mashine, kaa tu," anageukia kalenda yake. Mjukuu yuko pajani pake anabonyeza riba. Mzee anaapa mila haijavunjwa, mkamwana hajamwona. Na mimi mgongo wake naujua kuliko uso wa mume wangu.