Mbuzi Aliyepelekwa kwa Mama

Nani kampelekea mama yangu mbuzi?

Leo mchana niko kambini Kibaha, mama akapiga simu kutoka Maneromango.

"Mwanangu, rafiki yako kaniletea mbuzi. Kasema kesho usijitume sana, goti lako halijapona."

Jamani!

Mimi ni beki, kesho tuna mechi, na habari za goti langu hazijatoka nje ya timu.

"Mama, usimpokee."

"Nimeshamfukuza na mbuzi wake. Mgeni gani hataki kutaja jina?"

Nikaenda kwa kocha nimweleze. Sijafungua hata mdomo, akatabasamu.

"Vipi, mama kampenda mbuzi?"

Niligeuka nikatoka.

Kesho akinipanga, nacheza kwa nguvu zangu zote. Asiponipanga, nyie mtajua kwa nini.