Kijerumani cha Kwetu Ushirombo

Baba yangu alikuwa Mjerumani, mtafuta dhahabu wa upande wa Nyarugusu. Vita vya pili vilipozuka, askari walikuja wakamchukua kama adui. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu wa kike sita. Mama alituchukua akarudi kwao Ushirombo, na wiki hiyohiyo akatoa amri: mtama ukiingia kinuni, sisi wawili tuseme Kijerumani mpaka unga upatikane. Yeye mwenyewe hakukijua.

"Baba yenu akirudi, msije mkamtolea macho kama mgeni," alisema.

Vita vikaisha, baba akapelekwa kwao Ujerumani, hakuruhusiwa kurudi. Tuliendelea kutwanga na kusema. Maneno yetu yalikuwa ya Kijerumani, ila tangu utotoni tuliyapanga kama tulivyozoea katika lugha ya mama. Mjerumani husema, "Najua kwamba mama maji ameteka." Sisi tulisema ameteka maji, na baba, alipokuwa nasi, alituelewa vizuri tu.

Nilikuwa nimeshakuwa mwanamke mzima baba alipoandikia misheni kuuliza kama tuko hai. Niliandika jibu kwa Kijerumani usiku kucha, nikampelekea Sista mmoja aliyezaliwa Ujerumani. Alitoa penseli nyekundu.

"Nani alikufundisha kupanga maneno hivi?"

Alirekebisha kila mstari, akaniketisha ninakili upya. Nilinakili, maana nilijionea haya.

Jibu lilikuja baada ya miezi, limepigwa taipu. Baba alikuwa amewaandikia watu wa misheni, si sisi: "Nawashukuru kwa huruma yenu, lakini wanangu hawasemi hivi. Niambieni ukweli. Walikufa lini?"

Mama aliponisikia nikimtafsiria, alikaa chini palepale uani. Yaani baba alikuwa ametuzika wazima! Nilijikasirikia kuliko nilivyomkasirikia Sista. Jioni hiyo niliandika tena, nikayapanga maneno kama yalivyotoka kinywani mwangu. Sista alitaka kuiona barua.

"Hii haiguswi, Sista. Nisamehe."

"Utamwaibisha baba yako."

"Bora aibu."

Kesho yake nilipanda lori la pamba mpaka Kahama, nimekaa juu ya magunia, vumbi hadi kwenye nyusi, barua nimeifunga kwenye pindo la kanga. Niliitia posta kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Majibu yalipofika, bahasha ilikuwa na majina yetu, mimi na mdogo wangu. Mwandiko ulikuwa umepinda, wa mtu mwenye mkono unaotetemeka, nami nikashindwa kuusoma. Ilibidi nirudi kwa Sista. Alivaa miwani, akasoma kimya ukurasa mzima, kisha akatikisa kichwa.

"Maskini, mzee amesahau lugha yake. Maneno yote ameyapanga ovyo, kama wewe."

Machozi yalinitoka mbele yake na sikuyafuta. Nilinyoosha mkono anirudishie barua.

"Hajasahau, Sista. Anaongea na sisi."