Sayari Isiyo na Maji

Kwetu, kwenye milima ya Eburu juu ya Gilgil, hakuna mto. Maji tunayokunywa tunayatoa kwenye mvuke. Ardhi yetu ina mashimo yanayofuka joto, na wazee walijifunza kuyatega: unalifunika shimo kwa mawe na udongo, unachomeka bomba refu linaloteremka hadi kwenye tangi, na mvuke unapoa njiani na kuwa maji, tone baada ya tone. Wageni wakiona mfereji wetu hudhani umeletwa na serikali. Usione vyaelea, vimeundwa. Wetu aliuunda baba.

Baba alikuwa mbishi. Nasema hivyo kwa upendo na kwa uchovu pia. Mimi ni mwalimu wa fizikia Nakuru mjini, na kila nilipopanda nyumbani Jumapili alinitaka nimletee jambo jipya ili alikatae. Jumapili moja mwezi wa kwanza, jua likiwa kali na tangi la maji ya mvua likiwa kavu, nilimletea sayari.

Nilimweleza kwamba kuna sayari mbali sana, inayozunguka nyota inayofanana na jua letu. Ni ya mawe kama dunia, lakini ni kubwa kuliko dunia. Iko karibu mno na nyota yake, hata mwaka wake unaisha kabla ya siku yetu moja kuisha. Upande mmoja unaitazama nyota wakati wote, na huko mawe yameyeyuka yakawa bahari. Upande wa pili ni usiku usiokwisha.

"Na mmeiona?" aliuliza.

"Hapana. Ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota unapungua kidogo. Ndiyo tunajua iko."

"Kwa hivyo hamjaiona." Alimgeukia mama, aliyekuwa akichambua maharagwe. "Unasikia? Tulimlipia shule aende kuhesabu vitu hajaona."

Mama alicheka. Kisha baba akauliza swali ambalo mtu wa Eburu hana budi kuuliza. "Iko na maji?"

"Haiwezi, baba. Na hilo joto, maji yatakaa wapi?"

"Hata hapa walisema hakuna maji. Babu yako aliambiwa hii ni shamba ya fisi." Akainua kikombe chake kunionyesha. "Na hii ni nini?"

Nilikipokea nikanywa, naye akafurahi mpaka jioni.

Sasa niseme kuhusu kifuniko. Asubuhi kukiwa na baridi, mvuke wa shimo huonekana mweupe, na hata mtoto anajua kukaa mbali. Mchana wa kiangazi hauonekani kabisa. Unatazama shimo unaona mawe tu, na hewa safi juu yake, kumbe linachemka. Kwa hiyo kwetu hakuna anayelisogelea shimo mchana kabla ya kufunga kifuniko cha sufuria kwenye ncha ya mti mrefu wa kushika mkononi na kukishikilia juu ya shimo. Kifuniko kikitoka jasho, shimo liko macho, nawe unarudi nyuma. Baba ndiye aliyetufundisha, na alituchapa tuliposahau.

Wiki hiyohiyo maji ya mvuke yaliacha kudondoka kwenye tangi. Mashimo mawili ya majirani yalikuwa yamekufa mwaka uliotangulia, yakapoa tu bila sababu, na wenyewe wakahamia Gilgil kupanga vyumba. Baba alikuwa akiliogopa jambo hilo kuliko ugonjwa. Mama anasema alisimama kando ya shimo letu mchana, akagusa bomba, akalikuta baridi. Akasema, "Limekufa." Hakuenda kuchukua kifuniko. Nani anapima maiti kama inapumua? Alipiga magoti, akaanza kuuondoa udongo mdomoni mwa shimo kwa jembe, kuona kama kuna chochote kilichobaki. Shimo halikuwa limekufa. Lilikuwa limezibwa na udongo ulioporomoka ndani, na joto lote lilikuwa chini yake, likingoja.

Nilimkuta hospitalini Nakuru, amefungwa bandeji kuanzia usoni hadi kiunoni, na shuka imeinuliwa kwa vyuma isimguse. Midomo ilikuwa imevimba. Nilivuta kiti karibu. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ile sayari yako. Ile side ya usiku, kuko aje?"

"Hatujui vizuri, baba. Wengine wanasema ni baridi sana. Wengine wanasema labda kuna hewa inapeleka joto huko pia."

Alipumua kwa shida.

"Sema ni baridi," akasema.

Nikasema ni baridi. Nikasema kuna umande. Mwalimu wa fizikia, nikiwa na akili zangu timamu, nikamwambia baba yangu kwamba kwenye usiku wa ile sayari mawe yana umande, na mtu anaweza kulala juu yake bila shati. Akafumba macho. Sikumsikia akibisha, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Alikufa kabla ya wiki kuisha.

Tulirudi nyumbani kumlilia. Watu walipanda mlima wengi, na mhubiri akasema Mungu hakosei. Nilitoka nje ili nisimjibu. Nje nikawakuta shangazi na mama wamesimama kando ya sufuria tupu. Lori la maji lilikuwa limekwama kwenye vumbi huko chini, na waombolezaji hawajapata hata chai.

"Hiyo shimo izibwe," shangazi alikuwa akisema. "Imekula mtu."

"Izibwe tukunywe nini?" mama akauliza. Kisha akaniona. "Mwalimu, rudisha bomba."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nilichukua mti mrefu, nikafunga kifuniko cha sufuria. Jembe la baba lilikuwa bado pale lilipoangukia. Juu ya shimo hapakuonekana kitu. Nilinyoosha kifuniko, na mara kikajaa jasho, matone yakaanza kuteleza na kuanguka. Nikakaa upande unakotoka upepo kama alivyotufundisha, nikalisukuma bomba kwa mti mpaka likaingia, nikalifunika shimo kwa mawe na udongo. Nilikuwa nikilia kwa hasira.

Ilipofika jioni tangi lilikuwa na maji ya kutosha sufuria moja. Mama alipika chai, akawagawia wageni, kisha akanijazia kikombe cha baba. Nililichukia lile shimo kwa moyo wangu wote. Nikanywa, kwa sababu nilikuwa na kiu.