Spika Isiyojua Shikamoo

Mimi si mtu wa vidude. Kioo cha simu yangu kimepasuka tangu mwaka juzi na wala sijali. Lakini mama yangu alipoanguka mara ya kwanza, nyumbani kwetu kule mlimani, juu ya Makumira, akakaa kwenye matope ya uani mpaka alipotokea mtu wa maziwa, nilianza kusoma habari za spika zinazosikiliza watu kama mwanafunzi mwenye mtihani.

Mama anaishi peke yake. Presha ya macho imemwachia mwanga kidogo tu. Simu hawezi kuibonyeza, na hata angeweza, huifungia kabatini ndani ya leso ili isiibiwe. Kuhamia kwangu mjini, Engutoto, hataki hata kusikia. Nani atamkatia ng'ombe majani, nani ataangalia kahawa? Nilimbembeleza, nikanuna, nikalia. Akanifungia ndizi za kurudi nazo mjini.

Mwenzangu wa ofisini alikuwa anauza seti yake ya spika za kuongea nazo, pamoja na vidude vya kusambaza waifai nyumba nzima. Bei ilinitoa jasho, ila alikubali nivijaribu kwanza. Nyumba yetu baba aliijenga kwa mawe, jiko liko nje, na banda la ng'ombe liko ng'ambo ya migomba, kwa hiyo ruta moja ingeishia sebuleni. Nikaweka spika na vidude vyake sebuleni, jikoni na bandani, juu kabisa, mbali na pembe za ng'ombe. Nilijua umeme ukikatika vyote vinakufa. Hilo niliamua kutoliwaza.

Spika hizo hazijui Kiswahili, sembuse Kimeru. Unaiita kwa jina lake la Kizungu, inatoa mlio mdogo, halafu papo hapo unaiambia kwa Kiingereza impigie mtu. Ukichelewa, inajizima. Mama aliyakariri maneno yale kama watoto wa kipaimara wanavyokariri amri kumi, na alikuwa akiyasema vizuri tu. Kisha tukajaribu. Akaita jina. Spika ikalia. Mama akakaa kimya, kichwa ameinamisha kidogo, anangoja. Spika nayo ikangoja, mwisho ikajizima.

"Mbona imenyamaza?" akauliza.

"Ilikuwa inakusikiliza wewe, mama. Ungeendelea."

"Niendelee vipi? Nimeiita, imeitika. Si inisalimie kwanza?"

Nikaisogelea nikaiambia shikamoo, basi tu. Ikajibu kwa Kiingereza.

"Inasemaje?"

"Inasema haijaelewa."

"Shikamoo haijaielewa?" Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Hiyo imelelewa wapi?"

Nilicheka naye, lakini ndani nilikuwa nachemka. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuomba hata maji kabla ya salamu. Mimi mwenyewe nilichapwa kwa kosa hilo. Leo nilikuwa namfundisha mama yangu kufoka amri kama mtu asiye na adabu, na kila tukijaribu anaita, anangoja, na spika inajizima. Nilimkaripia. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba anajaribu.

Jioni ile alifaulu mara moja. Nilikuwa sebuleni, yeye jikoni, simu ikaita mfukoni mwangu. Nikapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Upo?"

"Nipo, mama."

Machozi yalinilengalenga. Nikaamua kwamba navinunua, liwalo na liwe.

Wiki ile ile mvua ilinyesha sana. Mama aliteleza mlangoni mwa banda akiwa amebeba majani, akavunjika nyonga. Umeme ulikuwepo. Waifai ilikuwepo. Spika ilikuwa juu ya kichwa chake, karibu kiasi kwamba ingesikia hata mnong'ono. Simu yangu ilikuwa mezani ofisini, haikuita. Aliyemsikia ni mama jirani, tena baada ya muda mrefu, kwa sababu ya mvua kwenye mabati.

Hospitalini nilijizuia siku nzima nisimuulize. Mwishowe nikashindwa.

"Mama, kwa nini hukuita?"

"Niliita, mwanangu. Niliita sana."

"Uliita ile spika?"

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu, kama anayeona aibu kidogo kwa niaba yangu. "Nilikuwa na maumivu," alisema. "Nilimwita baba yako."

Kwa Kimeru, bila shaka. Maumivu yana lugha yake, na ya mama ni hiyo. Baba tulimzika hapo hapo shambani, nyuma ya migomba, hatua chache tu kutoka kwenye lile banda. Nilimrekebishia shuka ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Sasa anataka kurudi nyumbani. Kila nikienda kumwona ananiuliza lini, na kila mara namwambia karibuni, na sijui nitamrudisha kwa nani. Jana mwenzangu wa ofisini aliniuliza kama nimeamua. Nilimwambia bado. Akataka kujua kama vina hitilafu yoyote, kama vilisumbua kushika mtandao kule mlimani.

Nikamjibu kwamba havina tatizo, vinashika vizuri mpaka bandani.