Ubao Wenye Maneno Mengi

Wifi yangu Verediana hakuweza kuona kitu kimekaa vibaya akakiacha. Kwenye harusi ya mwanangu, hapa kwetu Kirehe, aliwahamisha shangazi watatu wa bibi harusi kwa sababu wote walivaa nyekundu na kukaa pamoja, eti wanaufanya ukumbi ulalie kushoto. Wakahama. Niliona aibu, lakini nilipotazama picha baadaye nilikiri moyoni kwamba alisema kweli. Sikumwambia, angetusumbua mwaka mzima.

Kazi yetu ni migongo, yaani michoro ya matuta juu ya mbao. Tunachanganya mavi ya ndama na majivu, tunayafinyanga kwa vidole juu ya ubao yawe matuta membamba, na yakikauka tunayapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Katika ushirika wetu wa wanawake kumi na mmoja, hakuna aliyemfikia Verediana. Tuta lake lilinyooka kama limepigwa rula, na rula hakuwa nayo.

Kwa hiyo kituo cha afya kilipotaka ubao mkubwa kwa chumba wanamosubiri wajawazito, tulimwachia yeye. Ulimchukua wiki tano. Alitia kila alichokijua: mizunguko ya konokono, meno ya msumeno, pembe ndani ya pembe. Palipobaki wazi aliona ni uvivu, akapajaza. Siku ya kuutundika tulipiga vigelegele.

Mwezi haukuisha, muuguzi mkuu, bwana mpole aitwaye Sebagabo, akaja kwetu. Aliulizia mvua, akaulizia ng'ombe, mwishowe akasema kina mama wamegeuza mabenchi, wanaupa ubao mgongo, eti unawatia kichefuchefu.

Verediana alijibu kwamba wajawazito hutiwa kichefuchefu na kila kitu. Lakini kesho yake alijifunga kitenge chake kizuri, akanivuta, tukaenda kukaa pale kama tumemsindikiza mtu. Binti mmoja mwenye mimba kubwa akatusalimu, na Verediana akamuuliza anauonaje ule ubao.

"Mzuri, mama," akasema yule binti. "Ila aliyeutengeneza ana maneno mengi. Unataka kumsikiliza, hujui uanzie wapi."

Niliuma upindo wa kitenge nisicheke. Njia nzima ya kurudi, kilomita nne, Verediana alinitangulia kwa hatua ndefu. Mpaka tunafika nilikuwa nimeanza kumhurumia.

Alianza ubao mwingine. Safari hii aliweka mraba mmoja tu, mwekundu, umesimama kwa ncha, tena si katikati bali juu kulia. Chini yake akateremsha mistari minne myeupe, kila nafasi kati yake pana kuliko iliyotangulia. Upande wa kushoto wote akauacha mweusi mtupu. Wenzetu walipita wakimchokoza.

"Mavi yameisha, mama? Nikuazime ndama?"

"Niazime kimya," akajibu, bila kuinua kichwa.

Siku ya nne aliniita pembeni. Mikono yake ilikuwa bado na majivu.

"Wifi, niambie kweli. Umelalia upande?"

Nilirudi nyuma hadi kwenye migomba, nikautazama kwa muda. Ule mraba ulikuwa mzito pale juu, lakini weusi wa upande wa pili uliushikilia, na jicho lilishuka lenyewe kwa ile mistari, polepole.

"Haujalalia upande," nikamwambia. "Usiuguse tena."

Alinikazia macho kuona kama namtania, maana miaka thelathini sikuwa nimemsifu. Kisha akanawa mikono.

Sebagabo alipouona aliuliza kwa adabu utamalizika lini. Verediana akamwambia umekwisha. Sebagabo aliutundika mahali pa ule wa kwanza akiwa na mashaka, lakini wiki iliyofuata mabenchi yalikuwa yamegeuzwa tena kuuelekea ubao, na hakuna aliyeamrisha.

Tulikwenda kujionea. Mwanamke mmoja aliyekaribia kujifungua aliinuka kwa shida, akauendea ubao, akapitisha kidole juu ya mstari wa kwanza hadi chini, akarudi juu, akaanza wa pili. Verediana alinibana ubavu hadi nikaumia. Tukabaki tumekaa pale, hatuna mgonjwa wala miadi, mpaka mfagiaji akatuomba tuinue miguu.