Daftari la Njeri Mbele ya Wakili wa Serikali

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa watano katika sebule moja ya ghorofa ya pili, mjini Gaithersburg, Marekani. Alikuwepo Njeri mwenyewe, binti wa miaka kumi na mmoja, amelala kwenye kitanda cha hospitali kilichokuwa kimechukua nafasi ya makochi. Alikuwepo mama yake, Mama Njeri, Mkenya wa Nyeri, nesi wa zamu ya usiku. Alikuwepo baba yake, dereva wa lori. Alikuwepo Bi. Clémentine, Mkongo, nesi msimamizi wa kampuni iliyoniajiri. Wa tano ni mimi, Asteria, Mtanzania, mjane wa Kasulu niliyeishia darasa la nne. Binti yangu alinileta Marekani kulea wajukuu, na wajukuu walipokua nikatafuta kazi.

Kazi yenyewe ni kutunza wagonjwa majumbani. Bi. Clémentine alinionyesha kumgeuza mtoto kila baada ya saa mbili ngozi isichubuke, kumlisha kwa mrija unaoingia tumboni, kumvuta makohozi kwa mashine, na kuhesabu dakika za degedege kwa saa ya mkononi. Halafu daftari. Kila ukurasa ulikuwa na mstari wa juu wa kuandika hali ya mgonjwa, na chini yake nafasi ya kuandika yaliyotokea.

"Mama, ile unaona na macho, andika ile," aliniambia. "Ile haukuona, acha."

Nikaandika. Lakini sikuweza kuanza na ugonjwa. Mimi nimekulia mahali ambapo hata barua ya kuomba dawa huanza na salamu, na daftari lile nililiona kama barua kwa anayeingia zamu baada yangu. Basi juu niliandika, kwa Kiingereza changu cha kuombea maji, kwamba Njeri hajambo leo, tumshukuru Mungu. Chini ndipo nilipoandika: degedege mara nne, ametapika, midomo imekuwa ya bluu.

Baba Njeri akisoma alikuwa anacheka. "Nyinyi Watanzania! Hata nyumba ikiungua mtasema salama, ni moto tu kidogo."

Nilimjibu kwamba Wakenya nao wangeuza majivu. Tukacheka wote. Hakuna aliyenirekebisha.

Njeri alizaliwa mzima. Akiwa mdogo alichanjwa, akashikwa na homa kali na degedege, ubongo ukaumia. Niseme wazi ili asitokee wa kunisingizia: jambo hilo ni la nadra sana, wajukuu wangu wote wamechanjwa, na mimi mwenyewe pia. Ila linapompata mtu, kule huanzi kwa kukishtaki kiwanda cha chanjo. Unaidai serikali fidia, katika mahakama yake maalumu isiyo na wazee wa baraza, na anayeamua anaitwa hakimu maalumu. Fidia hutoka kwenye mfuko uliowekwa kwa ajili hiyo, na serikali ina mawakili wake wa kuulinda.

Nilipotimiza mwaka wa pili pale, serikali ilikwisha kukubali kwamba Njeri afidiwe. Kilichobaki ni mpango wa matunzo, yaani orodha ya kila msaada atakaohitaji maisha yake yote. Wazazi waliomba mtunzaji wa mchana na wa usiku. Serikali ilisema wa mchana anatosha. Waligombania usiku tu. Usiku ule, ambao hadi hapo niliukesha mimi, usipopatikana, Mama Njeri angelazimika kuacha kazi yake.

Wakili mwandamizi wa serikali, Bwana Tolliver, alikuja mwenyewe kumwona mtoto, pamoja na Bi. Renata, wakili wa familia. Mzee wa mvi, mrefu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikaa akaniangalia nikimgeuza Njeri, kisha akasema taratibu ili nimfuate:

"Kazi yangu ina pande mbili, Bibi. Anayestahili apate. Kisichothibitishwa nikikatae. Mfuko huu unasubiriwa na watoto wengine pia."

Nilimwona mtu wa haki, na mpaka leo sijabadili mawazo.

Siku ya shauri kusikilizwa, Washington, nilipewa mkalimani, Bwana Salim wa Mombasa. Bwana Tolliver akasimama na nakala za daftari langu.

"Bibi Asteria, hapa umeandika hajambo. Kesho yake hajambo. Miezi mitatu mfululizo, hajambo. Mtoto huyu anahitaji mtu wa kumkesha?"

"Hiyo ni salamu, baba. Soma chini."

"Kwa hiyo hakuwa hajambo?"

"Alikuwa mgonjwa sana."

"Basi uliandika usichokiona."

"Niliandika adabu."

Hakupaza sauti. Alivua miwani. "Nakuamini kwamba ni adabu. Lakini mstari wa juu ukiwa adabu, nitajuaje kwamba wa chini nao si adabu, ya kumridhisha mama yake?"

Bwana Salim akatafsiri, akaninong'oneza, "Jibu, bibi yangu." Nikarudia tu, "Soma chini, baba."

Nje koridoni Mama Njeri alinivalisha koti. Bwana Tolliver akapita, akaniuliza hali. Nikamjibu sijambo. Tukatazamana.

"Nimekuelewa, Bibi," alisema. "Lakini ninachokielewa koridoni si ushahidi."

Hakimu maalumu aliandika kwamba daftari lisitegemewe na upande wowote. Degedege zote nilizozihesabu kwa miaka miwili zikaenda na salamu zangu. Njeri alipata mtunzaji wa mchana, na wa usiku kwa siku mbili tu za wiki. Mama Njeri akaacha kazi yake ya hospitali.

"Si wewe, Mum," aliniambia. "Hata mimi niliisoma kila siku nikaona iko sawa." Baba Njeri hakunitania tena. Heri angenitukana.

Bi. Clémentine akanihamishia Bowie, kwa Bwana Everett, mzee aliyepooza. Kule mstari wa juu niliandika: kidonda mgongoni, kimekua. Mkewe akalalamika kwamba ninaandika kama polisi. Nikaendelea hivyo hivyo miaka minne, mpaka magoti yakakataa, nikastaafu.

Nyinyi mabinti mnaoanza kazi hii, andikeni mnachokiona kwanza. Salamu mzitoe kwa mdomo. Wakili wa serikali hakujui wala hajui kwenu. Anakijua kilichoandikwa, na kazi yake ni kukisoma kwa ubaya. Asiposoma hivyo, hafanyi kazi yake.

Njeri yu hai. Mama yake analala kwenye godoro sakafuni, kando ya kitanda kile, usiku wa siku tano kwa wiki, kwa mwaka wa saba sasa, na amezeeka kuliko mimi. Majina haya nimeyaandika kama nilivyoyashika. Bi. Clémentine, Bwana Salim, yeyote aliyekuwepo, nilipokosea nirekebisheni, tena upesi, ningali nasikia.