Namba Iliyonitenga na Mama

Sisi tuliosoma Butiama enzi za daftari moja kwa masomo matatu, hesabu za kujaribia tulizifanyaga chini, kwenye vumbi, kwa kijiti. Ukikosea unafuta kwa unyayo, unaanza upya, tumbo limejaa uji wa mtama.

Ijumaa moja Mwalimu Bhoke, aliyetufundisha hesabu darasa la sita, aliandika ubaoni 142857. "Zidisheni kwa mbili, kwa tatu, mpaka sita," akasema. "Halafu mniambie mmeona nini."

Kesho yake mimi na rafiki yangu Wegesa tulichuchumaa nyuma ya jiko la kwetu. Mara mbili, tukapata 285714. Mara tatu, 428571. Tarakimu zilikuwa zilezile sita, kwa mfuatano uleule, zimehama tu mahali pa kuanzia. Mara nne, tano, sita: zilezile. Vinyweleo vikanisimama mikononi.

"Namba hii haifi," Wegesa akanong'ona. "Jaribu saba."

Nikajaribu. Ikatoka 999999. Nikashusha pumzi, nikidhani tumeishinda. Lakini Wegesa alikuwa amesimama upande wa pili, anaisoma kichwa chini miguu juu.

"Ni sita tupu!" akapiga ukelele. "Namba ya mnyama wa Ufunuo!" Akatimua mbio kwao, ndala moja akaiacha.

Nilikuwa bado nafuta niliposikia mama akiniita ndani, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa bado. Kanga ilikuwa imelowa damu. Baba na shangazi wakampakia kwenye gari la jirani, wakamkimbiza hospitali Musoma. Nikabaki uani. Nilijua ni mimi niliyemletea, kwa namba ile.

Jumapili kanisani sikuthubutu kuinua macho. Jumatatu nikamfuata Mwalimu Bhoke, nikamweleza huku nalia. Hakucheka. Akanipa chaki.

"Gawanya moja kwa saba."

Nikagawanya. Baki ikawa tatu, kisha mbili, sita, nne, tano, halafu moja tena, na jibu likaanza upya: 142857, 142857, bila mwisho.

"Umeona? Baki ziko sita tu, zinazunguka kama watoto wanaocheza. Namba yenyewe imetoka kwenye saba. Ukiirudishia saba, inajaa tisa. Haimjui mama yako."

Kichwa kilielewa, moyo ulikataa. Hata mama aliporudi na mdogo wangu mchanga, wote wazima, nilikaa naye mbali. Maji ya kuoga nilimtengea mlangoni, nikakimbia, nisije nikamletea tena mkosi. Nilikuja kumwambia nikiwa mtu mzima.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwaga hunisogelei," akasema. "Mimi nikajua umemchukia mtoto."

Sasa naishi Nyasura, Bunda, na nina binti wa umri wangu ule. Juzi nilimpa namba ile. Akaibonyeza kwenye simu mara mbili, mara tatu, mpaka saba, hata dakika haikuisha. "Sawa mama, kwa hiyo?" akauliza, akarudi kwenye video zake. Watoto wa leo bwana, hata shetani angewatokea wangemwambia asubiri video iishe! Namshukuru Mungu kwamba haogopi. Ila sisi, pamoja na hofu yetu yote, tuliiona namba ikitembea. Yeye ameona majibu tu.